Shabiki, Ganuni na Haki ya Kulalamika
Je, shabiki aliyezeeka na nyimbo za kikundi ana haki juu ya sauti yake? Vikundi vingi vya taarabu vilipoacha fidla na ganuni vikashika kinanda cha umeme katika miaka ya 1990, wapenzi wa kale walidai kwamba asili imesalitiwa. Asili ipi? Siti binti Saad, aliyerekodi Bombay mwaka 1928, aliiimba kwa Kiswahili taarabu iliyozoeleka kwa Kiarabu; hayo yalikuwa mageuzi makubwa kuliko kinanda chochote. Hata hivyo, lalamiko hilo si upuuzi. Taarabu ya zamani ilisikilizwa kwa kuketi na kulifumbua fumbo; rusha roho humwinua msikilizaji kabla hajafikiri (nasi wahakiki tumo!). Anayelilia ganuni huenda analilia utulivu ule, ambao msanii hakuumiliki peke yake.