Ulimjua Ulipomchukua

Tarehe 18 Desemba 2014, Dallas Mavericks walimchukua Rajon Rondo kutoka Boston Celtics. Wakati huo Dallas walikuwa wameshinda mechi 19 na kupoteza 8, na katika NBA nzima hakukuwa na timu iliyokuwa ikipata pointi kwa urahisi kama wao. Ili kumpata Rondo walitoa Brandan Wright, Jameer Nelson, Jae Crowder na haki ya kuchagua chipukizi miaka ya mbele. Rondo alikuwa bingwa wa 2008, jamaa mwenye viganja vikubwa ajabu, mmoja wa wagawaji pasi wakali zaidi wa kizazi chake. Pia alikuwa hajui kutupa. Msimu huo, katika kila mitupo huru 10, ile unayosimama peke yako bila mtu kukuzuia, hakufikisha hata 4.

Hilo halikuwa siri. Na ndiyo sababu hii stori hunijia kila mara mabeste wangu wanapoanzisha ule mjadala wa kila mwaka: je, timu imchukue pointi gadi anayejua kupanga mchezo lakini hawezi kufunga kutoka mbali? Majina hubadilika tu. Mwaka mmoja ni Ricky Rubio, mwaka mwingine Ben Simmons, mwingine Russell Westbrook. Mmoja wetu anataja pasi, mwingine anataja asilimia, na mwenye bando anatafuta video ya kumnyamazisha mwenzake. Nimekaa kwenye mabishano hayo hadi nikaanza kuona kwamba tunabishania kitu kingine kabisa: ukimchukua mtu na kasoro yake unaijua, nani anailipia? Na baadaye ikikuumiza, una haki ya kumlaumu?

Nianze na hiyo ya kulipia, kwa sababu wengi hudhani ubaya wa asiyejua kutupa ni zile pointi ambazo yeye hafungi. Hizo ni kidogo. Ubaya wenyewe uko kwa mlinzi wake. Yule mlinzi anajua huyu hatupi, basi anamwacha. Anarudi nyuma hatua nne, tano, anasimama karibu na kikapu kama askari wa geti. Sasa mwenzako mrefu akipokea mpira pale chini anakuta watu wawili badala ya mmoja. Anayependa kupenya anakuta njia imezibwa. Lakers walimfanyia Rondo hivyo alipokuwa Boston, tena kwenye fainali. Walimpa Kobe Bryant kazi ya kumlinda, na Kobe akawa anamwachia nafasi ya kutosha kuegesha matatu, huku akizurura kuwasaidia wengine.

Ukitazama vizuri utaona kitu cha kuchekesha kidogo: mwenye kasoro ndiye mtu huru kuliko wote uwanjani. Hakuna anayemgusa. Wanaosukumwa, wanaopigwa viwiko, wanaotupa mpira huku mkono wa mtu uko usoni, ni wale wanne wengine. Sisi vijana tunaipenda sana ile kauli ya nikubalini nilivyo. Hata mimi naipenda. Lakini kukubaliwa kuna bili, na mara nyingi bili hiyo huletwa kwenye meza ya mtu ambaye hakuagiza chochote.

Upande wa pili, vipawa vyake navyo haviandikwi kwa jina lake. Mtu anapokupa pasi ukiwa tayari hewani, pointi zinaandikwa zako. Jason Kidd alipokuwa kijana walimtania wakimwita "Ason", ati jina lake halina J kwa sababu hana mtupo wa kuruka, ambao kwa Kiingereza huanza na herufi hiyo. Mwaka 2001 Phoenix Suns walimtoa kwa New Jersey Nets wakapokea Stephon Marbury, mfungaji hodari kweli kweli. Nets walikuwa wametoka msimu wa kushinda mechi 26. Msimu wa kwanza wa Kidd walishinda 52 na kufika fainali, na mwaka uliofuata wakafika tena. Wachezaji ambao hawakuwa wakitazamwa na mtu wakaanza kuonekana. Kwa hivyo huwezi kuhesabu anachochukua kwa wenzake bila kuhesabu anachowaletea. Ni kama yule mama wa chama ambaye mchango wake huchelewa kila mwezi, lakini ukiuliza nani aliwaleta wanachama wote hao, ni yeye.

Turudi Dallas. Ile timu ilikuwa na Dirk Nowitzki, ambaye hatari yake ilikuwa nafasi, na Monta Ellis, ambaye lazima awe na mpira mkononi ndio awe mtu. Ilikuwa na kocha Rick Carlisle, mtu wa kuita mipango mwenyewe kutoka pembeni. Rondo alikuwa amezoea kuisoma mechi kwa kichwa chake. Mtu yeyote angeuona moshi. Februari 2015, katika mechi dhidi ya Toronto, kocha na mchezaji walifokeana mbele ya uwanja mzima, na Rondo akasimamishwa mechi moja. Aprili, kwenye mechi ya pili ya mchujo dhidi ya Houston, alicheza takriban dakika 10, akapelekwa benchi, basi. Baada ya mechi Carlisle aliulizwa kama Rondo atavaa tena jezi ya Dallas, akasema haoni hivyo. Siku iliyofuata tukaambiwa ana maumivu ya mgongo. Tangu siku ya kumpata walikuwa wameshinda 31 na kupoteza 24, na Houston wakawatoa kwa mechi 4 kwa 1.

Lawama zote zikamwendea yeye. Hatupi. Anaua nafasi. Hasikii.

Mjomba wangu huuza friji na mashine za kufulia za mtumba Mombasa. Mteja akija, kabla ya kutaja bei, mjomba anamwonyesha kasoro: mlango huu haushiki vizuri, hii taa haiwaki, hapa pamebonyea. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni ubaya wa biashara, unajiharibia soko mwenyewe. Akanieleza kwamba ni dini, na pia ni akili. Katika sheria ya Kiislamu ya biashara, mnunuzi akikuta aibu aliyofichwa ana haki ya kurudisha kitu. Lakini akiwa aliiona, akaijua, akalipa, haki hiyo imekwisha. Asije kesho na mlango wake.

Kwa kipimo cha mjomba, Dallas hawana kesi. Kasoro ya Rondo ilikuwa kwenye takwimu za ligi, kwenye runinga, kwenye midomo ya watoto. Hakuna aliyewadanganya.

Nina sababu ya kukipenda kipimo hicho. Niliacha chuo mwaka wa pili, na tangu hapo naishi kwa kuandika vipande vya huku na huku. Kuna shirika moja lilinichukua kwa mkataba wa miezi 6 kuandaa ripoti. Siku ya kwanza kabisa niliwaambia sina digrii na sitakuwa nayo karibuni. Mkubwa akasema wamesoma kazi zangu, karatasi si hoja. Mwezi wa nne wafadhili wakarudisha ripoti moja na maswali kuhusu hesabu ambazo hata sikuzikusanya mimi. Kwenye mkutano, huyo huyo mkubwa akasema, mbele ya watu, kwamba hiyo ndiyo shida ya kufanya kazi na watu ambao hawakumaliza shule. Sikuumia kwa kuitwa mtu asiyemaliza, maana ni kweli. Niliumia kwa jinsi alivyolisema, kama kitu alichokigundua asubuhi hiyo.

Sasa, kama ningeishia hapo ningekuwa nimeandika malalamiko tu. Kwa sababu katika ofisi hiyo kulikuwa pia na dada mmoja, mtaalamu wa takwimu. Kila ripoti yangu yenye majedwali ilipitia kwake, maana hicho ni kitu ambacho sikufundishwa na yeye alifundishwa. Mimi natoka saa kumi na moja kuwahi matatu kabla nauli ipande, yeye anabaki akikagua jedwali langu. Mkubwa aliposema karatasi si hoja, hakumuuliza huyu dada. Mimi niliambiwa ukweli wote, mkubwa aliujua wote, na mlipaji hakuwa kwenye chumba.

Hapo ndipo kipimo cha mjomba kinapokwama. Friji mbovu haiwasumbui friji wengine. Dukani kuna muuzaji, mnunuzi na kitu. Kwenye timu, anayenunua hukaa ofisini, na anayeishi na kasoro ni Nowitzki, aliyekuwa na miaka 36 na magoti yake mwenyewe ya kufikiria. Tena hata yule anayenunuliwa hajasaini chochote. Rondo hakuiomba Dallas. Siku moja uko Boston umejenga maisha miaka minane, siku ya pili uko Texas na kocha ambaye hataki mawazo yako. Tumezoea kuitazama hii biashara ya kubadilishana watu mpaka hatuoni tena ugeni wake. Mishahara ni minono, sawa, lakini bado.

Kwa hivyo jibu langu kwa mabeste, ambalo huwa nalisema wakiwa tayari wamehamia mada nyingine, ni hili. Mchukue. Pointi gadi anayeona uwanja mzima si kitu cha kuacha sokoni kwa sababu ya mtupo. Ila kabla ya kumchukua, panga upya nyumba, na waambie wale wanne itakavyokuwa. Mpe watupaji pembeni, usimpe Monta Ellis mwingine wa kugombania naye mpira. Kama huna nia ya kubadilisha chochote, kama mpango wako ni kwamba atakuja na kwa namna fulani atakuwa mtu mwingine, basi mwache alipo. Hapo utakuwa unamchukua mtu uliyemwota, halafu unamwadhibu yule aliyefika.

Yeye naye ana deni. Beste wangu mmoja, ambaye hucheza ligi ndogo hapa Nairobi na ana mtupo mbaya kuliko wa Rondo, husema mtu asiyetupa haruhusiwi kusimama. Akishatoa pasi lazima akimbie, akate kuelekea kikapu, amzuilie mwenzake mlinzi, afanye yule aliyemwacha ajute. Akisimama pembeni akinung'unika kwamba hathaminiwi, anawaongezea wale wanne mzigo. Sitamtetea Rondo kwa kila kitu: ile mechi ya Houston alicheza kama mtu aliyekwisha kuondoka. Na kuna hatua mbaya zaidi, ambapo kasoro inageuka hofu. Ben Simmons mwaka 2021 alipewa mitupo huru 73 katika mchujo akafunga 25. Tarehe 20 Juni, kwenye mechi ya saba dhidi ya Atlanta, alifika chini ya kikapu, amebaki kuinua mkono tu, akatoa pasi. Alikuwa anakwepa kupelekwa kwenye ule mstari. Hapo hata ule mchezo aliokuwa anaujua ulikuwa umeanza kuliwa. Lakini hata kwake siwezi kusahau kwamba timu ile ilimsifu kwa miaka minne kama vile tatizo halipo, kisha baada ya mechi moja kocha wake akaulizwa kama huyu anaweza kuwa pointi gadi wa timu bingwa, akajibu hadharani kwamba hajui.

Rondo mwenyewe alienda Sacramento, na msimu wa 2015-16 akaongoza ligi kwa pasi za kufunga, 11.7 kila mechi, kwenye timu ambayo haikwenda popote. Akapita Chicago, akapita New Orleans. Mwisho akafika Lakers, ambao hawakumtaka aendeshe kila kitu. Alitokea benchi. LeBron James alikuwa na mpira muda mwingi, Anthony Davis yuko pale juu, na kazi ya Rondo ilikuwa zile dakika ambazo LeBron anapumzika, pamoja na kuwaambia wenzake mpango wa wapinzani kabla haujatokea. Walijua asichoweza, wakamkatia kazi isiyotegemea hicho. Cha ajabu ni kwamba katika mchujo ule mitupo yake ya mbali ilikuwa inaingia.

Mechi ya sita ya fainali ilikuwa Oktoba 2020, tukiwa bado kwenye kafyu, kila mtu kwake na simu yake saa tisa usiku. Rondo alitupa mara 11 akafunga 8, pointi 19, na Lakers wakawa mabingwa. Upande wa Miami, akikimbizana naye, alikuwa Jae Crowder, yule ambaye Dallas walimtupia juu ya gari kama kiongeza cha soko ili biashara ya 2014 ikamilike. Mabeste waliandika kwenye grupu kwamba jamaa amejifunza kutupa uzeeni. Mimi nilikuwa namwangalia mlinzi wake, ambaye kwa mara ya kwanza usiku huo alikuwa amesogea karibu.