Imeanguka, au Nimeiangusha?

Kwihara, karibu na Tabora, kwenye tembe alimokaa David Livingstone mwaka 1872, niliiangusha kamera ya filamu ya marehemu baba. Lenzi ikapasuka. Kaka alipouliza nikajibu, "Imeanguka."

Mwaka 1867, mbali na hapo, mpagazi aliyebeba saa za Livingstone za kupimia ramani alianguka mara mbili, na vipimo vikapotoka. Nani atamwita mwenye dhambi? Kumbukumbu la Torati 19 humpa mji wa kukimbilia hata mtu ambaye shoka lake lilichomoka likamuua mwenzake, maana hakumchukia.

Mkono wangu basi una pa kukimbilia. Ulimi je? Uliisukumia kamera kosa langu.

Jumamosi, kabla ya Meza ya Bwana, nilimpigia simu. "Kaka, niliiangusha mimi."

Alinyamaza, kisha akauliza kama filamu ilisalimika.