Uzuri Unaotazamwa kwa Mbali

Wasafiri wote, wa zamani na wa sasa, wana desturi moja: wakifika mahali palipoinuka husimama na kuitazama nchi iliyo chini yao. Hakuna aliyewafundisha. Mtoto akipanda kilima hugeuka kutazama alikotoka, na mzee hufanya vivyo hivyo ingawa pumzi zimemwishia. Tendo hili ni jepesi, tena halina gharama. Kwa hiyo ni wachache wanaojiuliza kama lina wajibu wowote ndani yake. Swali ninalotaka tulifikiri pamoja, msomaji, ni hili: Je, mtu anayefurahia uzuri wa nchi kwa mbali ana deni lolote kwa watu wanaoishi ndani ya uzuri huo?

Na tutwae mfano wa Voi na nchi ya Taita Taveta, maana huko macho huandaliwa karamu kubwa. Msafiri atokaye Mombasa kwenda Nairobi huvuka nyika ya Taru, nchi kame ya miiba na udongo mwekundu, kisha hufika Voi. Akiingia katika mbuga ya wanyama ya Tsavo Mashariki atakuta Mwamba wa Mudanda, jiwe moja lenye urefu wa zaidi ya kilomita moja na nusu. Juu ya mwamba huo huweza kuwaona ndovu, wekundu kwa vumbi, wakija kunywa katika bwawa lililo chini. Akifika mto Galana ataona jinsi maji yalivyochonga mawe na kujipenyeza katika ufa mwembamba wa mwamba. Akirudi Voi na kushika njia ya magharibi, atapita Mwatate na kupanda kona baada ya kona mpaka Wundanyi, penye baridi na ukungu. Kilele cha Vuria, kilicho juu kuliko vyote katika milima ya Taita, kina meta 2,208 juu ya bahari. Kutoka huko nyika hulala chini kama ngozi ya simba iliyoanikwa juani, na asubuhi isiyo na mawingu Kilimanjaro huonekana upande wa magharibi.

Wako wasemao kwamba kutazama mandhari ni kazi ya watu wenye nafasi na matumbo yaliyoshiba. Sikubaliani nao. Ng'ambo ya mto Galana kuna uwanda wa juu wa Yatta, wenye urefu wa kilomita 300 hivi, nao umesawazika kama meza. Wajuzi wa mawe wanatueleza kwamba mamilioni ya miaka iliyopita uji wa moto kutoka tumboni mwa ardhi ulitiririka katika bonde la mto, ukapoa, ukawa jiwe gumu. Mvua na upepo vikaula udongo laini wa kando, nalo jiwe likabaki. Hivyo pale palipokuwa bondeni sasa ni juu, na palipokuwa juu pamekuwa chini. Kijana anayelitazama jambo hilo na kulifikiri hupungukiwa na majivuno, na hilo ni faida. Kwa hiyo sisemi kwamba kutazama ni dhambi.

Walakini, umbali unaotupa upana hutunyima undani. Aliye kileleni huona shamba lakini haoni jasho la mkulima; huona njia nyembamba ikipinda vizuri kati ya miti, lakini haoni dumu la maji kichwani mwa mama anayeipita. Ndovu aliyependeza chini ya Mudanda, akiingia usiku katika shamba la mahindi kando ya mlima Sagalla, anaweza kula chakula cha mwaka mzima cha jamaa moja. Majani makavu yanayong'aa kama dhahabu machoni pa mgeni, kwa mfugaji ni habari ya njaa. Katika ukame wa miaka ya 1970 na 1971 maelfu ya ndovu walikufa katika Tsavo. Nchi iliyowaua ilikuwa ile ile ambayo mpita njia angeisifu kwa rangi yake. Wahenga walisema kweli: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Tena, mtazamaji wa mbali hupenda kudhani kwamba alichokiona hakina mwenyewe. Ule ufa wa mto Galana nilioutaja huitwa Maporomoko ya Lugard, kwa jina la Mwingereza aliyepita kando ya mto huo mwaka 1890. Waata, wawindaji wa ndovu kwa upinde na mshale wa sumu, waliijua nchi hiyo zamani kabla yake. Aliyepita akaacha jina lake. Waliokaa, mbuga ilipoanzishwa mwaka 1948, hawakuwa tena na nafasi ndani yake. Tazama pia mlima Kasigau, unaoonekana kwa mbali kusini ya Voi, wa buluu na mtulivu kama kwamba haujapata kuona taabu. Mwaka 1915, katika Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani waliteka ngome ya Waingereza huko. Waingereza wakawashuku wenyeji kuwa wamewasaidia adui, wakawang'oa katika mlima wao na kuwapeleka Malindi, ambako wengi walikufa. Miaka mingi ilipita kabla waliosalia hawajarudi kwao. Buluu ya mlima haisemi neno juu ya hayo. Lazima mtu aulize.

Mwanafunzi mmoja wa chuo chetu aliposikia maneno haya aliniuliza, "Mwalimu, basi nikienda matembezi ni lazima nilie? Nikiufurahia mlima nimemdhulumu nani?" Swali lake lilikuwa la haki. Furaha ya macho haimwibii mtu kitu, na huzuni ya mgeni haimshibishi mwenye njaa. Nilimjibu kwamba sikumtaka alie. Nilimtaka asiridhike mapema. Mtu akikusifia uso wako bila kukuuliza jina lako, hukosi kuhisi kwamba amekuona nusu tu. Nchi nayo hutazamwa nusu na anayeisifu bila kuuliza habari za wenyeji wake. Deni la mtazamaji, basi, ni kuuliza, na akiweza, kushuka.

Kushuka huko kuna manufaa, wala si maneno matupu. Huko Sagalla kuna mashamba yaliyozungushiwa mizinga ya nyuki, iliyotundikwa juu ya nguzo na kuunganishwa kwa waya. Ndovu akiusukuma waya, mizinga hutikisika, nyuki hutoka kwa hasira, na yule mnyama mkubwa hukimbia, maana anaogopa kuumwa kandokando ya macho na ndani ya mkonga. Ndovu hubaki na uhai wake, mkulima hubaki na mahindi yake, na asali huwa nyongeza. Hila hiyo haikupatikana kwa kumpiga ndovu picha kutoka juu ya mwamba. Ilitaka watafiti washuke, wakae na wakulima, wahesabu nyayo na kusikiliza habari za usiku.

Nawe, msomaji kijana, huenda hujapata kupanda Vuria wala kusimama juu ya Mudanda. Hata hivyo uko mlima ambao unaupanda sasa, nao ni elimu. Kila darasa unaloshinda ni kona moja ya njia. Siku moja utafika mahali ambapo utageuka na kukiona kijiji chenu chote kwa mara moja: kidogo, kitulivu, chenye moshi mwembamba wa jioni. Utakipenda, na pengine utakitungia insha nzuri. Hiyo ndiyo saa ya hatari. Wengi waliotangulia walisimama hapo wakasifu maisha ya shamba, wakasahau kwamba moshi ule ulikuwa ukiyawasha macho ya mama zao.

Panda, maana anayebaki bondeni peke yake haoni njia za kutokea. Tazama sana, ufurahi, umshukuru Mungu kwa macho. Kisha jiulize ni nani anayeishi katika kile unachokisifu, anakunywa maji gani, na usiku analindaje shamba lake. Usipojua jibu, shuka ukaulize.