Tukiondoa sanamu, tumefuta historia?

Kila inapoangushwa sanamu ya mkoloni au mfanyabiashara wa watumwa, husikika hoja ile ile: mnafuta historia. Ilisemwa Cape Town mwaka 2015, pale sanamu ya Cecil Rhodes ilipoondolewa chuo kikuu. Ikasemwa tena Bristol, Uingereza, Juni 2020, wananchi walipoiburuta sanamu ya Edward Colston na kuitupa bandarini. Hoja hii ina mvuto, na baadhi ya wasomi wetu huirudia bila kuichunguza. Naomba tuichunguze.

Colston alikufa mwaka 1721. Utajiri wake ulitokana kwa sehemu na kampuni iliyowasafirisha Waafrika utumwani. Sanamu yake ilisimamishwa mwaka 1895, zaidi ya miaka 170 baada ya kifo chake. Sasa hiyo ni historia ya nani? Waliomchonga hawakumwona wala hawakuishi naye. Walichotaka ni kumtukuza, watu wapite chini yake na kuamini kuwa alikuwa mtu mwema. Leo sanamu hiyo imelazwa katika makumbusho ya mji huo, ikiwa na rangi iliyopakwa na waandamanaji. Kwa kulazwa hivyo inaeleza mengi kuhusu Colston kuliko ilipokuwa imesimama.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kutenganisha vitu viwili. Historia ni habari ya yaliyotokea, nayo inakaa vitabuni, katika nyaraka na katika vinywa vya wazee. Sanamu ya barabarani ni heshima. Anayeondoa heshima hajafuta habari.

Sisi wenyewe tunao mfano wa karibu. Mwaka 1888 watu wa pwani walisimama dhidi ya Wajerumani wakiongozwa na Abushiri bin Salim, na kule Saadani Bwana Heri. Ujerumani ikamtuma Hermann von Wissmann kuwazima. Abushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Miaka michache kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani wakasimamisha sanamu ya Wissmann hapa Dar es Salaam, katika mji wa watu wale wale aliowapiga. Juu amesimama yeye, na chini yupo askari mweusi akimtazama kwa unyenyekevu. Ndugu msomaji, hilo lilikuwa somo la historia, au lilikuwa onyo kwa kila aliyepita?

Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916 waliiteremsha. Mwaka 1922 ikasimamishwa tena Hamburg, mbele ya chuo kikuu, hadi wanafunzi wa Kijerumani walipoiangusha mwaka 1967, ikarudishwa, wakaiangusha tena mwaka 1968. Mwaka 2021 mtaa mmoja wa Berlin uliokuwa na jina la Wissmann ulipewa jina la Lucy Lameck, mwanasiasa wetu wa Kilimanjaro. Je, Wissmann amesahaulika? Hata kidogo. Kilichomtoka ni taji tu.

Waislamu tuna sababu ya kulielewa jambo hili upesi. Hapa sizungumzii hukumu ya kuchonga sanamu, hiyo masheikh wameshaieleza. Nazungumzia mafunzo. Ibn Abbas amepokewa akieleza kwamba masanamu ya watu wa Nuhu yalianza kama kumbukumbu za watu wema. Waliochonga walikusudia kukumbuka, waliofuata wakaabudu. Heshima isiyo na mipaka ina tabia ya kukua. Na Mtume (SAW) alipoingia Makka mwaka wa nane wa Hijra aliyaondoa masanamu yaliyoizunguka Al-Kaaba, lakini habari za masanamu hayo tunazisoma mpaka leo. Kwa upande mwingine, Qur'an inatueleza kuwa mwili wa Firauni uliokolewa ili uwe ishara kwa watakaokuja baada yake. Dhalimu anaweza kubaki aonekane, lakini abaki kama funzo, asibaki kama kigezo.

Hadi hapa jambo ni jepesi. Ugumu unaanza tunapofika makutano ya Samora na Azikiwe, kwenye Sanamu ya Askari iliyozinduliwa na Waingereza mwaka 1927. Majina ya barabara yamekuwa ya wakombozi wa Afrika, lakini yeye bado yupo na bunduki yake yenye singe. Wapo wanaosema naye aondoke kwa kuwa alimtumikia mkoloni. Wanachosema kina ukweli. Tena tukiwa waadilifu tutaongeza uchungu mwingine: jeshi la Wissmann lililompiga Abushiri lilikuwa na mamia ya Wasudani walioajiriwa Cairo, na wengi wao walikuwa Waislamu. Tumeamrishwa kusimamia haki ijapokuwa ni dhidi ya nafsi zetu. Hatuwezi kumhukumu Mjerumani kisha tukawafumbia macho waliomshikia bunduki.

Hata hivyo, mimi sikubali kwamba Askari aangushwe. Maandishi yake, kwa Kiingereza na Kiswahili, yanawataja pia wapagazi. Hao walikusanywa vijijini, wengi kwa nguvu, wakabeba mizigo ya vita isiyowahusu, wakafa kwa makumi ya maelfu kwa njaa na maradhi. Kariakoo imepata jina lake kwa hao. Kuiangusha sanamu hiyo ni kuwanyang'anya hata kile kidogo walichopewa.

Tatizo lipo katika maneno. Yanasema walikufa kwa ajili ya mfalme wao na nchi yao. Mfalme gani? Yanawaahidi kuwa wana wao watayakumbuka majina yao, na hapo pana sanamu isiyo na jina hata moja. Rai yangu ni kuwa Askari abaki, na pembeni yake liwekwe bango la Kiswahili linaloeleza ukweli wote: waliolazimishwa ni nani, waliolipwa ni nani, na vita ilikuwa ya nani.

Basi kipimo changu ni hiki. Sanamu inayomtukuza dhalimu mbele ya wajukuu wa aliowadhulumu iondolewe, iende makumbusho. Inayowakumbuka waliodhulumiwa, hata kwa maneno ya uongo, isahihishwe. Na uamuzi ufanywe hadharani, wenye kuumizwa wakisikilizwa kwanza.

Lakini tusidanganyike kuwa kuondoa shaba ndiyo haki yenyewe. Fuvu la Mkwawa lilirudi Uhehe mwaka 1954. Rais wa Ujerumani aliomba msamaha Songea mwaka 2023 kwa yaliyotendwa wakati wa Majimaji. Mabaki ya Waafrika wengine bado yamo katika makabati ya Ulaya. Kuishusha sanamu ni kazi ya siku moja kwa kamba na winchi. Kuwarudisha wafu wetu wakazikwe kwa heshima ni kazi ngumu zaidi, na ndiyo deni kubwa zaidi.

Wallahu a'lam.