Nani Atashinda, Nani Anastahili

Kuna maswali mawili yanayofanana kama mapacha, na ndiyo maana watu huyachanganya kila siku. La kwanza ni: nani atashinda? La pili ni: nani anastahili kushinda? Nimeyafikiria sana hapa Karatu, kwa sababu vijana wa mji huu, unapokaribia usiku wa kutolewa tuzo katika televisheni, huulizana lile la kwanza wakidhani wamekwisha kuulizana na la pili. Watu wazima nao, ambao hawajali muziki wala filamu, hufanya vivyo hivyo katika mambo mazito zaidi.

Msomaji usidhani kwamba nataka kuupiga vita mchezo. Kubashiri ni raha. Wala sizungumzii wale wanaojaza mikeka na kupoteza fedha ya mboga. Hao wana wahubiri wao wa kutosha, msikitini na kanisani. Mimi nauliza jambo dogo zaidi, na pengine gumu zaidi: mtu anapobashiri mshindi, huwa anaangalia nini?

Chukua mwaka 2014. Mwezi Mei, Diamond Platnumz alizoa tuzo saba za Kilimanjaro kwa usiku mmoja. Mwezi Juni akawa anawania tuzo ya BET kule Los Angeles, katika kundi la wanamuziki wa Afrika, pamoja na Davido, Tiwa Savage, Sarkodie, Mafikizolo na Toofan. Kwa kinyozi ninayemwendea mimi hapa mjini, ubishi ulichukua wiki nzima. Waliosifiwa kuwa ni mabingwa wa kubashiri hawakutaja wimbo hata mmoja. Walizungumza juu ya wingi wa watu wa Nigeria, juu ya nani anafahamika Marekani, na juu ya tabia za wanaotoa tuzo. Kijana mmoja, fundi pikipiki, alisema kwamba kwa masikio yake Mafikizolo waliwapita wote kwa kuimba. Alichekwa. "Mwalimu, huyu hajui mambo," wakaniambia.

Alishinda Davido, na mabingwa wakapongezwa. Sisemi kwamba Davido hakustahili. Nasema kwamba jambo hilo halikujadiliwa kabisa, na kwamba katika kibanda kizima aliyekuwa amesikiliza nyimbo zenyewe ni yule mmoja aliyeambiwa hajui mambo.

Mwingereza John Maynard Keynes aliliona jambo hili tangu mwaka 1936, alipokuwa akieleza soko la hisa. Alilifananisha na shindano la gazeti ambalo wasomaji huletewa picha mia moja za nyuso, wachague sita zilizo nzuri kupita zote, na zawadi humwendea yule ambaye chaguo lake limekaribiana na la wengi. Mshindani mwerevu hachagui uso anaoupenda, bali ule anaodhani wengine wataupenda. Na aliye mwerevu zaidi hukisia wengine watakisia nini. Mwisho wake kila mtu anamtazama mwenzake, na nyuso zenyewe hazitazamwi na mtu.

Hatuna haja ya kwenda Uingereza kutafuta mfano. Teremka Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi, uzungumze na wakulima wa vitunguu. Mkulima wa Mang'ola hajiulizi tu kama ardhi na maji vinatosha. Hujiuliza wenzake watapanda kiasi gani, ili ajue bei itakuwaje. Wote wakibashiri bei nzuri, wote hupanda, na bei huanguka. Huo ni ubashiri unaojiua wenyewe. Ubashiri wa mshindi, pale watazamaji wanapopiga kura, huenda kinyume chake: watu wakiambiwa kwamba fulani atashinda, wengi humpigia huyo huyo, naye anashinda kweli. Mvua haina masikio. Mzee anayeyatazama mawingu juu ya milima ya Mbulu na kusema itanyesha, hainyeshi kwa sababu amesema. Kura ina masikio.

Hapo ndipo ninapoona tofauti yenyewe. Tuzo ya BET haikumngojea mtu wa Karatu. Sisi hatukuwa na kura, na kwa hiyo ubashiri wetu ulikuwa mchezo usio na madhara, kama kukisia uzito wa beberu mnadani. Lakini tuzo za Kilimanjaro wasikilizaji walizipigia kura, na nimewasikia kwa masikio yangu vijana wakisema, "Nimempigia huyu kwa sababu ndiye atakayechukua." Hebu tuyapime maneno hayo. Mtu amepewa kiti cha hakimu, akashuka, akaenda kukaa kwenye benchi la watazamaji, akaanza kubashiri hukumu ambayo ni yeye mwenyewe aliyetakiwa kuitoa.

Anayepanda kutoka lango la Lodoare kwenda Ngorongoro atakuta, ukingoni mwa kreta, kaburi la mawe lililojengwa kama piramidi. Hapo wamelala Michael Grzimek na baba yake Bernhard, aliyekuwa mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt. Walikuja na ndege ndogo iliyopakwa michirizi ya pundamilia, wakahesabu wanyama wa Serengeti kutoka angani, na wakatengeneza filamu. Tarehe 10 Januari 1959 ndege iligongana na tai, ikaanguka, na Michael akafa akiwa na miaka 24. Filamu ilitoka mwaka huo huo, na tarehe 4 Aprili 1960 ikapewa tuzo ya Oscar ya filamu ndefu ya hali halisi, katika hafla ambayo Wamarekani waliiona kwenye televisheni zao. Ilikuwa na mpinzani mmoja tu, The Race for Space, filamu juu ya mashindano ya Wamarekani na Warusi ya kwenda anga za juu. Warusi walikuwa wamerusha Sputnik mwaka 1957, na dunia ilikuwa haizungumzi lingine. Mbashiri yeyote mwenye akili timamu angeliandika jina la ile filamu ya roketi. Nani angeweka fedha yake kwa nyumbu? Ila wenye kura waliziangalia filamu mbili, wakachagua ya nyumbu.

Naipenda habari hiyo, lakini haki inanidai niseme na upande wake wa pili. Mwaka huo huo wa 1959 Serengeti na Ngorongoro zilitenganishwa, na Wamaasai wakatoka katika mbuga za Serengeti. Bahasha iliyofunguliwa Hollywood ilijibu ni filamu ipi bora. Nani anastahili kuishi wapi ni swali ambalo halikuwa na bahasha, na wafugaji wa Ngorongoro wanalijadili hata leo, tangu 2022 zaidi, baada ya baadhi ya familia kuhamia Msomera wilayani Handeni. Katika mjadala huo pia nawasikia wabashiri. Ukiuliza lipi ni la haki, unajibiwa lipi litatokea.

Ni rahisi kuona kwa nini tunapenda swali la kwanza. Anayesema "fulani atashinda" anaweza kukosea, lakini hawezi kulaumiwa, kwani hakusema kwamba ni vizuri. Anayesema "fulani anastahili" amejitoa mwenyewe mbele za watu. Anaweza kuulizwa sababu.

Jirani yangu, mkulima wa mahindi na mbaazi, alinijia jioni moja akiwa na jambo. Ana watoto wawili waliomaliza kidato cha nne, wa kiume na wa kike, na fedha aliyonayo ni ada ya chuo ya mtu mmoja. Wa kiume ni msemaji, mji mzima unamjua. Wa kike ni mkimya.

"Mwalimu," akasema, "wewe umefundisha miaka mingi. Kati ya hawa, nani atafika mbali?"

Nikamwambia kwamba angeniuliza nani anastahili kusomeshwa, ningejaribu kumsaidia.

"Kwani tofauti ni nini? Fedha ni moja, Mwalimu. Anayestahili asipofika, tutakula huko kustahili?"

Sikumdharau kwa jibu hilo. Mtu mwenye ada ya mmoja ana haki ya kufikiri juu ya matunda, na asiyefikiri hivyo huenda ni kwa sababu hajawahi kupungukiwa. Lakini nilimwuliza: huyo atakayemlipia, si ndiye atakayefika mbali? Na huyo atakayebaki na jembe, baada ya miaka kumi si tutasema kwamba tulijua tangu zamani kuwa hafiki popote? Mabingwa wa kwa kinyozi walikisia mioyo ya watu wa Los Angeles. Yeye anakisia moyo wa nani, wakati katika nyumba ile mwenye kura ni yeye peke yake?

Alikaa kimya, akaomba maji ya kunywa. Kisha akaniuliza yule binti huwa anasema nini anapokuja kwangu kuazima vitabu, na ni vitabu gani anavyochukua. Nikamwambia vya baiolojia, na kwamba huvirudisha na karatasi iliyojaa maswali. Hakuwa amelijua hilo. Akataka kuziona karatasi zenyewe, nikaingia ndani kuzitafuta.