Hukumu ya Kumtenga Mama na Mwanawe

Wako ndugu zetu wasemao kuwa dola ina haki ya kulinda mipaka yake, na kwamba aingiaye nchi ya watu pasi na idhini, hata akitwaliwa mwanawe, asilalamike. Neno la kwanza ni kweli. La pili ni batili, na kuyachanganya mawili haya ndiko kulikowapoteza wengi.

Mwezi wa Aprili 2018 serikali ya Marekani, kwa amri ya Jeff Sessions, aliyekuwa mkuu wake wa sharia, ilikata shauri kumshitaki kila mtu mzima avukaye mpaka wa Mexico pasi na ruhusa. Mzazi akatiwa kizuizini. Na kwa kuwa mtoto hafungwi pamoja naye, alihisabiwa kuwa hana mlezi, akakabidhiwa idara nyingine, mbali na mamake. Wengi wao walitoka Guatemala, Honduras na El Salvador. Tangu 2017, jambo hili lilipojaribiwa kimya kimya upande wa El Paso, watoto waliotengwa walipita 4,000, na wachanga wakiwamo.

Sasa tazameni wasemavyo wanazuoni wetu. Imamu Nawawi katika Minhaj aharamisha kumtenga mama mtumwa na mwanawe mpaka mtoto afikilie kupambanua mambo. Na akiuzwa mmoja peke yake, uuzaji huo hausihi kwa kauli iliyo na nguvu. Hayo ni ya mtumwa! Basi aliye huru, ambaye serikali haimmiliki hata unywele wake, hukumu yake ni ipi? (Nasi watu wa pwani tusijitukuze. Minhaj ilisomeshwa misikitini mwetu, na huku mama akiuzwa kwa huyu na mwana kwa yule, mpaka soko la Unguja lilipofungwa mwaka 1873. Kitabu kilikuwapo, asiyekuwapo ni wa kumhisabu muuzaji.)

Na katika hadithi ya Ibn Mas'ud aliyoipokea Abu Daud, Mtume, rehema na amani zimshukie, aliamrisha ndege arudishiwe makinda yake waliyoyatwaa masahaba. Hakuuliza ndege yule ametua katika mti wa nani.

Lakini lichukizalo zaidi ni daftari. Hakimu Dana Sabraw wa San Diego, tarehe 26 Juni 2018, aliamrisha walio chini ya miaka 5 warudishwe kwa siku 14, na wengine kwa siku 30. Akaeleza kuwa fedha, hati na motokaa za wafungwa huandikwa na kutunzwa hata zirudishwe, walakini kwa watoto serikali haikuwa na mpango wa namna hiyo. Atwaaye pasi na kuandika, alinuia lini kurudisha?

Fikihi yetu humlazimisha mwenye kughusubu kukirudisha kitu kwa gharama yake, ijapokuwa gharama yazidi thamani ya kitu chenyewe. Wazazi kwa mamia walikuwa wamekwisha rudishwa makwao peke yao. Na mwezi wa Agosti 2018 serikali ikajaribu kuwatwika mawakili wa wazazi hao kazi ya kuwatafuta. Hakimu akakataa, akasema mzigo huo wote ni wa serikali. Hapo alinena haki.

Wakubwa nao walisukumiana. Kirstjen Nielsen, waziri wa usalama wa ndani, alikana mwezi wa Juni 2018 kuwa iko sera ya kutenga. Siku chache baadaye Rais Trump akatia sahihi amri ya kuikomesha. Lisilokuwako hukomeshwaje? Mkaguzi wa wizara ya sharia akabainisha Januari 2021 kuwa wakubwa wa wizara hiyo walijua tangu mwanzo kwamba watoto watatengwa. Mapatano ya Desemba 2023 yakaikataza sera hiyo kwa miaka 8, wala waziri hata mmoja hakuhukumiwa.

Haki ya Mungu hutubiwa kwa kujuta na kuacha. Haki ya mja haiishi kwa kuacha: hurudishwa kwa mwenyewe, au mwenyewe huombwa radhi. Basi wanaodai kila mtoto arudishwe, na kila aliyetia sahihi aitwe kwa jina lake ajibu, hawaombi fadhila kwa mtu. Hata mwaka 2024 walikuwako mamia ya watoto ambao haikuthibitishwa kuwa wamekwisha rudi kwa wazee wao.