Jino Bovu na Swali la Haki

Huduma ya afya ya umma ya Uingereza ilipoanza mwaka 1948, meno yalitibiwa bure. Mwaka 1951 serikali ikaanza kutoza ada ya meno ya bandia, na Aneurin Bevan, mwasisi wa huduma hiyo, akajiuzulu uwaziri. Naamini alikuwa na haki. Leo katika England, miongoni mwa wanaosamehewa ada za matibabu ya meno ni watoto, wajawazito, waliojifungua ndani ya miezi 12 na wapokeaji wa baadhi ya misaada ya kipato. Aliyevuka kidogo mipaka ya misaada anaweza kujikuta akilipa ada ileile anayolipa tajiri.

Wapo wanaosema cha bure hufujwa. Lakini nani atachomwa sindano ya ganzi kwenye ufizi kwa tamaa tu? Ada humfanya mtu asubiri hadi tundu dogo lifike kwenye mzizi. Wengine humlaumu mgonjwa kwa kupenda sukari. Mbona aliyevunjika mguu akicheza mpira hatozwi? Mtu achangie kwa kodi anapopata kipato, si anapougua. Scotland imesogea huko: uchunguzi wa meno ni bure kwa wote tangu 2006, na tangu 2021 walio chini ya miaka 26 hutibiwa bure.